Ubeti wa Mwana na Mgeni

Shangazi yangu,

Assalaamu alaykum, ingawa najua hutaitika. Arobaini yako ilisomwa Jumapili mbili zilizopita, na tangu siku hiyo sijakaa sawa. Natia chumvi kwenye chai. Juzi niliteremka treni Seven Sisters, nikasimama juu ya ngazi za kituo nisijue nipinde kulia au kushoto, mimi niliyekulia hapo. Watu wanadhani ni msiba tu. Naam, ni msiba, lakini si ule wanaoniombea subira.

Barua hii nimeiacha wazi. Jumapili hii nitaisoma mbele ya wanawake wote wa jumuiya yetu ya Tottenham, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Wasichana wengine watakaokuwepo hawakuwahi kukanyaga kwako, na nataka wajue ulikuwa nani kabla sijawaambia ulichofanya.

Ulikuwa hakimu wetu. Hakuna aliyekuteua. Mama alipofariki, baba alinileta kwako London nikiwa na miaka mitano, kisha akaenda Muscat akaoa huko na huko akabaki. Nilipofungua macho kuelewa dunia, nilikukuta tayari umeketi Jumapili baada ya adhuhuri, kwenye nyumba yako ya kupangishwa na council, ghorofa ya tatu, na wanawake wanapanda ngazi na ugomvi wao. Huyu kasemwa vibaya harusini. Huyu mkwewe kamnyima wajukuu. Huyu mumewe kaoa Dubai, naye kapata habari kwa picha ya simu. Walikaa kwenye makochi, wewe ukikaa chini kwenye mbuzi, kile kibao chako cha kukunia nazi ulichokuja nacho kutoka Unguja ndani ya sanduku. Ulipenda kusimulia jinsi afisa wa uwanja wa ndege alivyougusa ule ulimi wake wenye meno kwa ncha ya kidole, akakuuliza ni silaha ya aina gani.

Ulikuwa ukikuna nazi huku unasikiliza. Hukumtazama mtu usoni mpaka amalize. "Mie nikiacha kukuna, basi nishaamua," ulituambia, na nimewaona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakiikodolea macho mikono yako wasithubutu kupumua. Ukishaamua, ile nazi iligeuzwa tui, tui likawa wali, na waliogombana walitakiwa wale sahani moja kabla hawajateremka ngazi. Asiyetaka kula alikuwa hajakubali hukumu, na ugomvi ulianza upya Jumapili ijayo.

Kabla ya kesi ulitupa ubeti. Mmoja huu hata binti yangu Asya, ambaye Kiswahili anakielewa na kukijibu kwa Kiingereza, anaujua kwa moyo:

*Mlango wa muamuzi*
*usitiwe kizuizi*
*mnyonge na mwenye enzi*
*wote pale huingia*

Wengi walidhani ni tenzi za kwetu, za babu zetu. Mimi nilijua zimetoka wapi, kwa sababu likizo za shule ulinichukua kazini. Ulikuwa ukishona kola za mashati katika kiwanda kidogo cha nguo, na mkata vitambaa wenu alikuwa Bwana Orhan, Mturuki aliyekuwa mwalimu wa shule kwao. Alikuwa akikata nguo huku akijisomea kwa sauti mashairi ya kale ya Waturuki, na wewe ukamuuliza anamwimbia nani. Akakueleza. Mashairi yale yana karibu miaka elfu. Waturuki walikuwa wamesilimu karibuni, na wafalme wao walikuwa watu wa farasi na panga, hawajui kukaa mahali pamoja wakatawala. Ndipo washairi wao wakawatungia mawaidha marefu: mfalme awe mtu wa namna gani, amchague vipi waziri wake, mlinzi wa mlango ampokee kwa uso gani mtu aliyedhulumiwa, na kwamba asihukumu akiwa na hasira wala asilale hali mjane wa mtu analia mjini mwake.

Ulipagawa. Wewe usiyeweza kukaa na kitabu dakika tano, ulikuwa ukimsubiri Bwana Orhan saa ya chai kama watu wanavyosubiri tamthilia. Yeye anasema kwa Kituruki, anafafanua kwa Kiingereza chenu cha kiwandani, wewe unageuza kwa Kiswahili, mizani nane kila mshororo, unahesabu kwa vidole juu ya meza ya cherehani. Jioni ukanipa daftari nikuandikie. Nikakucheka siku moja, nikakuambia wafalme hao walikuwa na majumba, wewe una kibao cha nazi. Ukaniambia, "Majumba walikuwa nayo, lakini mwenye ugomvi ni yuleyule."

Shangazi, nilikuamini. Sijui niliseme vipi jambo hili likaeleweka. Sikukupenda tu, nilikuamini, kama mtu anavyoamini kwamba sakafu ipo.

Kwenye arobaini tulisoma hitma, kisha wanawake wakaomba zisomwe tenzi zako. Nikasoma daftari zote tatu, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na chumba kizima kikilia. Bibi Khadija akasimama, akasema lile ambalo nilikuwa nalisikia chini chini tangu tukuzike: kwamba mbuzi yako isikae bila mtu, na kwamba mimi ndiye wa kuikalia, kwa kuwa nimelelewa chini yake na kazi yangu ni ya haki, mahakamani. Wote wakapiga vigelegele, kwenye hitma! Nilishikwa na haya na fahari kwa pamoja. Nikaingia jikoni kujificha.

Bwana Orhan alikuwa amekuja. Yuko juu ya miaka themanini sasa, anatembea kwa fimbo, na alikuwa amebeba boksi la halua ya kwao, kwa ajili ya ule ubishi wenu usiokwisha wa nani aliianza halua. Alikaa na wanaume chumba cha pili, mlango wazi, akisikiliza. Watu walipoanza kula akaja mlango wa jikoni, akagonga ingawa nilikuwa namtazama.

"Nimesikiliza mpaka mwisho," akaniambia kwa Kiingereza chake kizito. "Wangu hamkuusoma."

Nikamuuliza upi. Akasema ule wa mtoto na mgeni. Nikamwambia hakuna ubeti wa namna hiyo, daftari nimeziandika mwenyewe kwa mkono wangu. Akatabasamu kama mwalimu anayemvumilia mwanafunzi, akaegemeza fimbo kwenye friji, akafumba macho. Kisha mzee huyu wa Kituruki, ambaye hajui kuomba hata maji kwa Kiswahili, akafungua kinywa ikatoka sauti yako. Matamshi ni yake, lakini mvuto ni wako, pumzi ni zako, na ule mkokoteo wako wa mwisho wa mshororo:

*Mwanao naye mgeni*
*wapime kwenye mizani*
*usimfiche mwandani*
*haki ikapotelea*

Upawa uliniponyoka ukazama mchuzini. Nikamuuliza kama anajua maana yake. Akasema maana anaijua kwa Kituruki, ya kwamba mbele ya haki mtoto wa mfalme na msafiri wa usiku mmoja husimama mahali pamoja. Kwa Kiswahili anajua sauti tu. Ulimfundisha wewe, siku nzima ya Alhamisi, mstari kwa mstari, mpaka akaushika.

"Alikuja na macho mekundu," akasema. "Akaniambia, Jumapili nina kesi, na mwanangu yumo ndani yake. Wafalme wenu walisemaje? Nikamwambia walivyosema. Akatunga huku anashona. Jumatatu nikamuuliza, kesi imekwendaje? Akajibu, nimehukumu. Ubeti ule ubaki kwako, mimi sitaweza kuusema tena."

Akanitazama kwa upole mkubwa. "Nilidhani alikuadhibu wewe," akasema. "Miaka yote hii nimekuonea huruma."

Nilishika sinki. Sikuhitaji kumuuliza ni Jumapili ipi. Katika maisha yako uliamua mamia ya kesi, na moja tu ndiyo niliyokuwemo, na sikuwahi kuambiwa kuwa nimo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Chini yetu, ghorofa ya pili, alikaa Mwanaisha na mumewe na watoto wao wawili. Mwanaisha alikuwa akinisuka nywele na kunifundisha nyimbo. Karatasi zao za ukimbizi zilisema wametoka Pemba, wamekimbia machafuko, na jengo zima lilijua wametoka Mombasa, na jengo zima lilinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na jirani aliyewahi kunyamaza kwa ajili yake. Siku moja mchana wakaja watu wawili wa uhamiaji mlangoni kwetu, mwanamume na mwanamke, wenye vitambulisho shingoni. Kiingereza cha kiwandani ulikijua, cha karatasi ulinitumia mimi. Wakauliza kama tunawajua wa chini. Ukaniambia, "Waambie tunaamkiana tu ngazini, hatujuani sana."

Nikawaambia. Kisha nikaongeza. Nilikuwa napenda kuongeza, nilikuwa najua Kiingereza kuliko nyumba nzima na yule mwanamke alikuwa ananichekea vizuri. Nikasema Mwanaisha ni rafiki yangu, ananifundisha nyimbo za Mombasa alikozaliwa, na kila Ijumaa mama yake anapiga simu kutoka huko. Yule mwanamke akaandika. Nikaona mkono wako umenishika bega, ukanikaza mpaka nikaumia.

Neno Mombasa halihitaji kutafsiriwa. Ulilisikia. Walipoondoka ulifunga mlango, ukaniambia, "Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Na uliyoyasema mlangoni yaishie mlangoni." Nilidhani unanifundisha adabu. Nimeyashika maneno yale maisha yangu yote, nimeyafanya kazi. Leo mimi ni mkalimani wa mahakamani, naapa kila asubuhi kwamba sitaongeza wala sitapunguza, na mawakili wananisifu kwa hilo. Nilikuwa nikiwaambia watu, amenifundisha Shangazi.

Wiki tatu baadaye Mwanaisha, mumewe na wanawe walichukuliwa alfajiri. Niliona kiatu kimoja cha mtoto kwenye ngazi wakati nakwenda shule.

Na hapa sasa namleta Bi Zuhura, maana wasichana hawamjui, na hawamjui kwa sababu yetu. Bi Zuhura alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi na mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Yeye na Mwanaisha waligombana, kisa chenyewe kikiwa kamba ya kuanikia nguo. Kwenye harusi moja ukumbini Ilford, wiki chache kabla ya wale watu kuja kwetu, Bi Zuhura alijitandia kanga yenye maneno *Mkataa kwao ni mtumwa*, akampitia Mwanaisha mbele mara tatu, polepole, aisome vizuri. Ukumbi mzima uliisoma. Sisi tunajua kanga husema yale ambayo mdomo unaona haya kuyasema, na ile ilisema wazi: mimi najua kwenu si unakokutaja.

Basi Mwanaisha alipochukuliwa, nani alihitaji ushahidi mwingine? Mtu ametoa habari, na mtu ameonekana na kanga. Jumapili ile sebule ilifurika mpaka watu walikaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa chumbani na daftari langu, nikisubiri uniambie ubeti wa siku. Hukutoa ubeti. Nakumbuka nilishangaa.

Bi Zuhura alisimama katikati ya zulia na kanga ileile mkononi, imekunjwa. "Hii nilivaa," akasema. "Sikatai. Lakini simu sikupiga, na barua sikuandika. Niapisheni."

Hakuna aliyemwapisha. Wewe ulikuwa unakuna, unakuna, mpaka nyama ya nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakaanza kukwaruza kifuu. Sauti ile ninayo masikioni hadi leo. Kisha ukaacha. Ukasema, "Zuhura, sisi na wewe tumemaliza." Si zaidi. Wali haukupikwa. Mwenzake wa kula naye sahani moja alikuwa ameshapandishwa ndege.

Hukunitazama. Mara nyingi baada ya hukumu ulikuwa ukinitafuta kwa macho, unanikonyeza. Siku ile uliinuka, ukaenda kumimina nazi yote kwenye pipa la taka, nzuri na iliyochanganyika na kifuu.

Je, mimi nilijua? Nimejiuliza swali hili kila saa tangu arobaini, na kwa kuwa barua hii itasikika na watu sitasema uongo. Sikujua kama mtu mzima anavyojua. Lakini jambo lile niliwahi kuliona kwa mbali, nikaamua sipiti njia hiyo. Miaka ishirini na nne sikuipita. Nilimweleza Asya habari hii ya mlangoni, maana naye ana miaka kumi na moja sasa. Akanikazia macho, akasema, "But Mama, you were just a kid. She wasn't." Yaani mimi nilikuwa mtoto tu, wewe hukuwa. Akaenda kuendelea na homework yake. Nikamtazama mgongo wake mdogo nikaona jinsi kumi na moja ilivyo kidogo, na nikaona pia kwamba ningemficha, Shangazi. Ningemfanyia Asya vilevile. Hilo ndilo lililonitia baridi mwilini kuliko yote.

Huenda wale watu walikuwa wameshajua kabla hawajabisha kwetu. Huenda maneno yangu hayakuongeza kitu. Nimejipa sana dawa hiyo na haifanyi kazi, kwa sababu hata kama si mimi niliyemwondoa Mwanaisha, hakika si Zuhura, na wewe ulilijua hilo ukiwa umeketi palepale kwenye kiti cha haki na nazi mkononi.

Jumatano iliyopita nikaenda kwake. Nilichukua treni mpaka Liverpool Street, nikabadilisha ya kwenda Ilford, na njia nzima nilikuwa napanga maneno mimi ninayelipwa kwa kupanga maneno. Alifungua mlango mwenyewe. Ameshatimiza sabini, miguu imevimba kwa miaka ya kuwainua wazee wa watu kwenye nyumba za kulelea, maana ushonaji wa maharusi ulimfia. Nani angempa gauni?

"Karibu," akasema. "Umefanana na shangazi yako. Hasa unavyosimama, kama umeleta hukumu."

Nikamwamkia shikamoo, nikambusu mkono, nikakaa. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa anakunja kanga za kufuliwa na hakuacha kuzikunja. Nilipofika kwenye ubeti nilimsomea. Hapo akaacha kukunja kidogo, akataka niurudie, nikaurudia.

"Mzuri," akasema. "Alikuwa na kipaji mwanamke yule, Mungu amrehemu."

Kisha akanieleza ndoa ya binti yake Nasra. Ukumbi walikodi, biriani akapika mwenyewe usiku na mchana. Wakakaa watu kumi na saba, ukumbi wa watu mia mbili. Mpiga kinanda alikuwa anatazama saa. "Tulikula biriani ile siku tano," akasema. "Nasra hali biriani mpaka leo." Alisema bila kupandisha sauti na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Nikamuuliza kama uliwahi kumwendea. Nilikuwa natamani aseme ndiyo, Shangazi, nilikuwa naomba kimoyomoyo. Akasema ndiyo. Ulimwendea mara moja, miaka kumi iliyopita, siku chache kabla ya Ramadhani, kama tunavyopitiana wote kuombana radhi. Ulisimama kizingitini na sahani ya visheti imefunikwa. Ukasema, "Zuhura, nisamehe kwa yote niliyokukosea, ya dhahiri na ya siri."

"Nikamwambia, taja," akasema Bi Zuhura. "Neno moja tu. Taja. Nilikuwa tayari kumsamehe palepale, nilikuwa nimeshachoka. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaweka sahani chini, akaondoka. Nilimwona mpaka kituo cha basi, analia kama mtoto."

Miaka ile yote, nilipokukuta unalia peke yako, nilidhani ni kwa ajili ya Unguja.

Nikamwomba radhi yeye, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Nikataja. Akatikisa kichwa. "Usinitajie mie. Mie siku zote nimejua si mie. Taja mbele ya wale walioacha kunijibu salaam." Akakunja kanga nyingine. "Ulipokuwa mtoto halikuwa kosa lako. Tangu alipokusomea yule Mturuki, limekuwa lako."

Nikamwambia wanataka nikalie mbuzi yako. Akacheka kwa mara ya kwanza, na jino lake moja la pembeni ni la dhahabu, sikuwahi kulijua. "Kakalie," akasema. "Lakini ujue kiti kile kina meno."

Hivyo natii. Nataja hapa, mbele ya kila aliyepo: Bi Zuhura hakupeleka habari ya Mwanaisha kwa mtu yeyote. Maneno yaliyosemwa niliyasema mimi, mlangoni kwetu, nikiwa na miaka kumi na moja. Shangazi yangu aliyasikia. Alijua Zuhura hana hatia alipomtenga, na alifanya hivyo ili asinitaje mimi. Na nyinyi mlioacha kumwalika, mlifuata neno lake, nami nililiacha liendelee. Mwanaisha namtafuta Mombasa. Namba niliyopewa inaita, haijapokelewa. Nitaendelea kuipiga.

Nimesema. Sasa niruhusu niseme na wewe peke yako, hata kama wanatusikia.

Nina hasira na wewe kiasi kwamba wiki nzima nimegeuza picha yako iangalie ukuta. Wewe uliyenifundisha kwamba mlinzi wa mlango wa mfalme ndiye uso wa mfalme, siku ile mlango wa haki ulikuwa mimi, na ukanifunga nisiseme. Waturuki wale walituma mashairi yao miaka elfu mbele, yakavuka nchi zote hizo yakaja kukufikia kwenye meza ya cherehani Tottenham, ukayageuza yakawa mazuri, kisha ulipofika ubeti mmoja uliokugharimu ukampa mtu asiyejua Kiswahili akutunzie. Na mara hapohapo nakumbuka mkono wako begani, jinsi ulivyonikaza. Hakuna aliyewahi kunipenda vile, wala hatatokea. Sijui nifanye nini na pendo ambalo mtu mwingine alilala njaa kwa ajili yake. Kwa nini hukuliharibu shairi lile kabisa? Ungelisahau tu, nani angejua? Lakini ulimfundisha Bwana Orhan siku nzima mpaka akalishika. Nadhani ulitaka siku moja anisomee. Nadhani, wala sina hakika, na siwezi tena kukuuliza.

Ubeti nimeuandika kwenye daftari ya tatu, ukurasa wa mwisho, kwa mkono wangu, chini ya tarehe ya Jumapili ile. Mbuzi nitaiweka katikati ya ukumbi na sitaikalia. Kesi ya kwanza ni yangu, nitasimama kwenye zulia kama wanavyosimama wenye kesi, na akitaka mtu kuniapisha aniapishe. Wakiamua kunitenga, nitajua njia ya kwenda Ilford. Nazi nimenunua mbili. Nitazikuna mwenyewe asubuhi, na kama kuna atakayekubali kula na Bi Zuhura sahani moja, wali upo.

Nilimwalika. Alinifikisha mpaka mlangoni kwa miguu yake ile mibovu, akaniuliza saa ngapi, nikamwambia baada ya adhuhuri, kama zamani. Akasema atakuja, lakini atakuja na kanga yake ileile, ili wale wenye macho waisome tena.

Nikamwambia aivae.

Pumzika, Shangazi. Mungu akusamehe, mimi bado najaribu. Picha yako nitaigeuza Jumapili, tukirudi.

Mwanao, uliyemficha